KIKOHOZI CHA MBWA KISICHOKOMA, NA WAKATI WA KUMWITA BWANA MIFUGO

Shauri kwa wakulima na wafugaji

Mkulima, ukimwona ng'ombe wako akikohoa siku mbili tatu, hulali. Utamwita jirani aje amtazame, na kesho yake utakwenda kwa Bwana Mifugo kabla jua halijapanda. Lakini mbwa wako akikohoa, hata mwezi ukaisha, pengine husema, "Amemeza unyoya," au, "Ni vumbi la kiangazi," kisha ukaendelea na jembe lako. Wala si ajabu, maana ng'ombe ana bei mnadani na mbwa hana.

Walakini fikiri kidogo kazi aifanyayo mbwa huyo. Ndiye alalaye nje usiku wa mvua ili fisi asifike zizini. Ndiye afukuzaye nyani na nguruwe wasimalize mahindi kabla hujayavuna. Chakula chake ni ukoko wa ugali na mabaki ya mchuzi, na ujira wake ni kulala mlangoni pako. Siku akifa ndipo utakapoijua bei yake, kwa hesabu ya mbuzi watakaopungua. Tena liko jambo kubwa kuliko mali: mbwa hukaa karibu na watoto kuliko mnyama mwingine wa nyumbani, na baadhi ya maradhi yake yaweza kumwua mtu.

Kwa hiyo yafaa kila mwenye mbwa ajue mambo matatu: kikohozi ni nini, kikohozi gani chaweza kungojewa, na kikohozi gani hakingojeki. Hayo ndiyo yaelezwayo hapa.

KIKOHOZI SI MARADHI, NI DALILI

Watu husema, "Mbwa ana maradhi ya kikohozi," kana kwamba kikohozi chenyewe ndicho maradhi. Sivyo. Kooni mwa mbwa mna njia mbili: ya kwanza ni umio, upitishao chakula kwenda tumboni, ya pili ni bomba la pumzi, lipelekalo hewa mapafuni. Bomba hilo hushikwa wazi kwa pete za gegedu, nalo lina utando laini ndani yake. Kitu chochote kikiusumbua utando huo, kama vile vumbi, moshi, makohozi, vijidudu au minyoo, mwili husukuma hewa kwa nguvu ili kukitoa. Huko ndiko kukohoa.

Basi usikiapo mbwa anakohoa, usiulize kwanza, "Dawa ya kikohozi ni ipi?" Uliza, "Ni nini kimkohozacho?" Kwa maana mambo yamkohozayo mbwa ni mengi, wala hayatibiwi kwa dawa moja, na dawa imfaayo mbwa huyu yaweza kumdhuru yule. Kunyamazisha kikohozi bila kujua sababu yake ni sawa na kumziba mdomo mlinzi apigaye yowe la mwizi.

KABLA YA YOTE: MBWA ALIYE KAMA AMEKWAMWA NA MFUPA

Liko jambo moja lipaswalo kutangulia mengine yote, kwa sababu ni la kufa na kupona, nalo ni la kwako na la watoto wako kuliko la mbwa.

Mara nyingine mbwa huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Hukaza shingo, hutaka kukohoa au kutapika asiweze, mate humchuruzika, taya la chini hulegea, na sauti yake ya kubweka hubadilika ikawa ya kukwaruza. Mwenyewe humhurumia, akamshika kinywa na kutia mkono ili autafute mfupa. Mfupa hauoni.

Tahadhari sana! Hizo zaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa, ile namna yake ya kupooza. Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali, akimbie njiani na kuuma kila amkutaye. Wapo wawao hivyo. Lakini wapo pia wawao wapole, wakajificha mahali penye giza, hali koo na taya zimekwisha kupooza. Mate ya huyu mpole yana virusi vilevile vilivyo katika mate ya yule mkali.

Virusi hivyo humwingia mtu kwa kuumwa, au kwa mate kugusa kidonda, mkwaruzo, macho au kinywa. Mtu ambaye dalili zimekwisha kumshika, karibu hapana aponaye. Lakini dalili zikiwa hazijatokea, chanjo humwokoa. Na chanjo hiyo si jambo jipya, kwani mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, naye mtoto akaishi. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, walio wengi katika Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Kwa hiyo umwonapo mbwa wa namna hiyo, fanya hivi:

Usitie mkono kinywani mwake, wala usimguse, hata ikiwa umemlea tangu alipokuwa kitoto. Waondoe watoto na mifugo. Ikiwa yumo chumbani au uani, funga mlango pasipo kumshika. Peleka habari kwa Bwana Mifugo siku ileile. Usimpige kichwani, maana ubongo ndio upimwao ili kujua hakika ya maradhi. Akifa, usimchune wala kumpasua, bali ngoja aje mwenye kazi hiyo.

Ikiwa mtu ameumwa, au mate yamemgusa penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Yawezekana kweli ni mfupa. Lakini aachiwe Bwana Mifugo ajue hayo, kwa kuwa ana vyombo na maarifa ya kazi hiyo, na wewe huna.

NAMNA YA KUMCHUNGUZA MBWA AKOHOAYE

Ikiwa mbwa wako hana dalili hizo, yu katika tabia yake ya kila siku, na amechanjwa, keti karibu naye umtazame kwa utulivu. Yaangalie mambo haya.

Siku. Andika tarehe ya siku ya kwanza uliyomsikia akikohoa. Asiye na daftari na atie alama ukutani kwa mkaa, alama moja kila siku. Watu wengi wakiulizwa, "Amekohoa tangu lini?" hujibu, "Tangu juzijuzi," na kumbe ni miezi miwili.

Sauti. Je, ni kikohozi kikavu cha kukwaruza, au kizito chenye majimaji? Mara nyingi mbwa akimaliza kukohoa hukaza shingo na kutema povu jeupe, na watu hudhani ametapika. Sikiliza vizuri uweze kutofautisha.

Wakati. Angalia kama hukohoa usiku alalapo, au akimbiapo, au anywapo maji, au avutwapo kamba. Kila wakati una maana yake, kama utakavyoona mbele.

Pumzi. Mbwa akiwa amelala kivulini, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima. Mbwa mzima aliyelala hupumua mara 10 hadi 30. Ukipata zaidi ya 30 mara kwa mara, hali amelala wala hakuna joto kali, kuna neno. Usihesabu baada ya kukimbia, kwa maana mbwa hutweta ili kujipoza mwili.

Fizi. Inua mdomo wake wa juu kwa ubavuni, bila kumfungua meno. Fizi za mbwa mzima ni nyekundu hafifu na zina unyevu, ingawa wengine huwa na mabaka meusi tangu kuzaliwa. Fizi nyeupe kama karatasi, au za rangi ya samawati, ni hatari kubwa.

Mwili. Tazama kama amekonda mbavu zikahesabika, au kama tumbo limevimba hali mgongo umekauka.

Wenziwe. Uliza kwa jirani kama mbwa wengine nao wanakohoa.

Jambo moja usilitegemee: ukavu wa pua. Wengi husema pua ikiwa na unyevu mbwa hana homa, na ikikauka ana homa. Hiyo si kweli siku zote. Joto la mbwa mzima ni kama digrii 38 hadi 39, nalo hujulikana kwa kipimajoto tu.

VIKOHOZI NA SABABU ZAKE

Kikohozi cha kuambukizana. Hiki ndicho kionekanacho mara nyingi mahali mbwa wakusanyikapo, kama vile mawindoni, mnadani, au penye jike mwenye joto. Siku chache baada ya kukutana, mbwa huanza kukohoa kikohozi kikavu chenye kishindo, lakini hula, hucheza na kubweka kama desturi. Huletwa na virusi na vijidudu vya namna mbalimbali, navyo huruka kwa hewa au hukaa katika vyombo vya maji. Mbwa mkubwa mwenye afya kwa kawaida hupona katika wiki moja hadi tatu, kwa kupumzika tu. Lakini kwa kitoto, mzee au aliyedhoofu, kikohozi hiki chaweza kushuka mapafuni kikawa nimonia.

Distempa. Hii ni maradhi mazito yaletwayo na virusi, nayo huwapata hasa watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa. Huanza kwa homa, kisha macho na pua hutoa usaha, mbwa hukohoa, huacha kula na kuharisha. Baadaye nyayo na pua zaweza kuwa ngumu, na misuli ya kichwa au miguu kutetemeka pasipo kukoma. Wengi hufa. Hapana dawa iviuayo virusi vyenyewe, bali Bwana Mifugo aweza kuusaidia mwili ushindane navyo. Chanjo ndiyo ngao yake.

Usidhani kwamba distempa ni jambo la mbwa tu. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliingia katika simba wa Serengeti, na kama theluthi moja ya simba hao wakafa. Wataalamu walipochunguza waliona kuwa yaelekea virusi vilitoka kwa mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi, na miaka iliyofuata kazi ya kuchanja mbwa wa vijiji hivyo ikaanzishwa. Basi mbwa mmoja akohoaye uani pa mtu aweza kuwa mwanzo wa msiba usiojua mpaka.

Minyoo ya watoto wa mbwa. Kitoto cha mbwa chaweza kuzaliwa na minyoo iliyotoka kwa mama yake. Minyoo hiyo ikiwa michanga hupita ini na mapafu, hukoholewa, ikamezwa, ndipo ikakua matumboni. Ukiona kitoto chenye tumbo kubwa, manyoya yasiyong'aa na kikohozi, fikiri minyoo. Mayai yake hukaa udongoni, nayo yaweza kumwingia mtoto wako achezaye uani.

Mnyoo wa umio. Mnyoo huu wajulikana katika Afrika ya Mashariki tangu zamani, ingawa wenye mbwa wachache wamepata kuusikia. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa, yakaliwa na dundu wale waviringishao mavi. Mbwa akimla dundu huyo, au akila kuku au mjusi aliyemla dundu, mnyoo huingia mwilini mwake, ukasafiri katika mishipa mikubwa ya damu mpaka umio, na huko hufanya uvimbe. Baada ya miezi, mbwa hutema chakula mara tu baada ya kumeza, hutoa mate, hukonda na kukohoa. Uvimbe huo waweza kugeuka saratani, na mshipa ulioharibika waweza kupasuka mbwa akafa ghafula. Kwa kuwa dalili zake hufanana kidogo na zile za mbwa aliyekwamwa, amri ya kutotia mkono kinywani ni ileile.

Minyoo ya moyo. Hii huletwa na mbu, nayo hustawi mahali penye joto. Mbu akimwuma mbwa mgonjwa kisha akamwuma mzima, humwachia viluwiluwi vya mnyoo. Kwa muda wa miezi sita au saba hukua katika mishipa ya mapafu na moyo, na jike lake laweza kufikia urefu wa sentimita 30. Mbwa huchoka upesi, akikimbia hukohoa, na mwisho tumbo hujaa maji.

Moyo dhaifu. Mbwa mzee, hasa wa umbo dogo, aweza kuwa na moyo usiofunga vizuri vilango vyake. Moyo hupanuka, na maji hukusanyika mapafuni. Huyu hukohoa usiku au alalapo chini, na huamka kutafuta pumzi. Maradhi haya kwa kawaida hayaponi kabisa, lakini ziko dawa za kila siku ziwezazo kumwongezea maisha mema.

Kamba, moshi na vumbi. Mbwa aliyefungwa kwa kamba nyembamba au waya shingoni, naye akijivuta mchana kutwa, huumizwa zile pete za bomba la pumzi. Baadhi ya mbwa wadogo wafugwao mijini huwa na pete dhaifu, nao hukohoa kwa sauti kama ya bata bukini. Mbwa alalaye jikoni penye moshi wa kuni, au ghalani penye vumbi la makapi na mahindi yenye ukungu, hukohoa kwa sababu hiyo. Hapa dawa ya kwanza haina bei: fungua kamba, mtoe moshini.

Liko na hili. Mbwa aweza kuambukizwa kifua kikuu na mtu akaaye naye. Ikiwa nyumbani mna mtu akohoaye kwa wiki mbili au zaidi, na aende hospitali akapimwe, kwa ajili yake mwenyewe kwanza.

MAMBO YASIYOFAA KUFANYWA

Usimmiminie mbwa mafuta, maziwa, maji ya pilipili au dawa yoyote kooni kwa nguvu. Kitu kimiminwacho hali mbwa anakohoa huweza kuingia bomba la pumzi badala ya umio, na hapo kikohozi kidogo hugeuka kuwa nimonia. Wengi wamefia mikononi mwa waliotaka kuwaponya.

Usimpe dawa za watu. Vidonge vya maumivu, kama vile ibuprofeni, vyaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Dawa za kikohozi za maji nazo huchanganywa na vitu ambavyo mwili wa mbwa haustahimili.

Usimpe dawa ya minyoo ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa ya ng'ombe ina nguvu nyingi kwa mnyama mdogo, na kwa mbwa mwenye minyoo ya moyo yaweza kuleta kifo.

Usinunue dawa ya kuua vijidudu dukani na kumpiga sindano wewe mwenyewe. Virusi haviuawi na dawa hizo. Na vijidudu vipatavyo dawa kidogo kidogo hujifunza kuizoea, hata siku itakapohitajiwa kwa ng'ombe au kwa mtoto isifanye kazi.

LINI UNGOJE, NA LINI UENDE

Yaweza kungojewa nyumbani: Mbwa mkubwa aliyechanjwa, akohoaye kikohozi kikavu, lakini hula vizuri, hana homa, pumzi zake ni za kawaida na tabia yake haikubadilika. Huyu mtenge na wenziwe, muda usiopungua wiki mbili. Mpe maji safi, mahali pakavu pasipo moshi wala upepo, na chakula laini chenye uvuguvugu, kama uji mzito wenye mchuzi usio na vitunguu, maana vitunguu humdhuru mbwa. Usimpeleke mawindoni. Ikiwa baada ya siku 7 kikohozi hakikupungua, au baada ya siku 14 hakikwisha, muda wa kungoja umekwisha. Mpeleke kwa Bwana Mifugo.

Nenda katika siku moja au mbili: Mbwa akohoaye na kutoa usaha machoni au puani. Mbwa akohoaye kila usiku. Mbwa akohoaye na kukonda, au kutema chakula. Mbwa ambaye hapo kwanza alifukuza nyani mpaka mtoni, na sasa hukaa chini katikati ya shamba. Kikohozi chochote katika mbwa aliyezeeka.

Nenda leo, usilale: Mbwa ahemaye kwa shida hali amelala, au asimamaye ameinyosha shingo na kutandaza viwiko ili apate hewa. Mbwa mwenye fizi nyeupe au za samawati. Mbwa akohoaye damu. Mbwa aangukaye au azimiaye. Mbwa aliyeacha kula na mwili una moto. Mbwa atetemekaye misuli. Kitoto chochote cha mbwa kikohoacho na kulegea, kwa kuwa kitoto huweza kuwa mzima asubuhi na kufa jioni. Wale wenye pumzi za taabu usiwafunge kamba shingoni; wabebe katika gunia lililotandazwa au tenga, wala usiwapitishe kwenye jua kali.

Usimguse, bali umwite Bwana Mifugo aje: Mbwa mwenye mate yachuruzikayo, taya lililolegea, sauti iliyobadilika au tabia iliyogeuka, kama tulivyokwisha kusema.

UTAKAPOFIKA KWA BWANA MIFUGO

Mbwa hawezi kusema, basi wewe ndiwe ulimi wake. Mweleze Bwana Mifugo umri wa mbwa, siku kikohozi kilipoanza, sauti yake, saa zake, hesabu ya pumzi, alichokula, dawa uliyokwisha kumpa, na kama amekutana na mbwa wengine. Usifiche kitu. Ikiwa ulimpa dawa ya ng'ombe, sema. Hatakucheka, na neno hilo moja laweza kuokoa maisha ya mbwa. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kilio humwumbua." Chukua na cheti cha chanjo, ikiwa unacho.

Naye atasikiliza moyo na mapafu, atapima joto, atatazama kinyesi kwa mayai ya minyoo na damu kwa hadubini. Ikiwa sababu imejificha, pengine atakushauri apigwe picha ya kifua, mahali ambapo chombo hicho kipo. Pengine atakuambia, "Huyu hahitaji dawa, apumzike tu." Usione kwamba umepoteza safari. Umenunua hakika, na hakika yafaa kuliko chupa ya dawa isiyohusika.

KINGA

Mpe mbwa chanjo ya kichaa apatapo miezi mitatu, kisha irudiwe kama Bwana Mifugo aelekezavyo. Siku ya chanjo ya kijiji itangazwapo, usimwache mbwa nyumbani kwa kuwa una kazi shambani. Wataalamu wamehesabu kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hushindwa kuenea; basi mbwa wako ni mmoja katika hesabu hiyo, nawe kwa kumpeleka umewakinga na watoto wa jirani. Nchi nyingi zimeazimia kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kitokanacho na mbwa, na azimio hilo halitatimizwa maofisini, bali nyuani mwetu.

Chanjo ya distempa huanza kitoto kikiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kitimize wiki 16.

Wape watoto wa mbwa dawa ya minyoo tangu wakiwa na wiki mbili, kwa kipimo cha Bwana Mifugo, na wakubwa kila baada ya miezi mitatu. Fukia kinyesi cha mbwa, ili dundu wasikipate na watoto wasikikanyage. Usimtupie matumbo mabichi ya kuku. Fukia madimbwi na ufunike mitungi, mbu wapungue. Mfunge kwa ukanda mpana badala ya waya, na umfanyie kibanda nje ya jiko.

KUMBUKA

Kikohozi ni dalili. Tafuta sababu yake.
Tia alama tangu siku ya kwanza.
Siku 7 pasipo nafuu, au siku 14 pasipo kwisha, ni mwisho wa kungoja.
Pumzi za taabu, fizi nyeupe, damu, au kitoto kilicholegea: nenda leo.
Mate na taya lililolegea: usitie mkono kamwe.
Chanjo hugharimu kidogo kuliko mbuzi mmoja aliyechukuliwa na fisi, na kuliko mtoto mmoja haina mfano.

Mbwa wako hukesha ili wewe ulale. Usiku umsikiapo akikohoa mlangoni, nawe amka kidogo umsikilize, kisha uhesabu siku.